Kuskusi ya pakiti haipikwi, inanyweshwa: tuelewane kwanza hiki ni kitu gani

Kila nikipita mahali watu wanapoongelea mapishi lazima nikutane na swali lilelile limevaa nguo tofauti. Mmoja anauliza hivi kuskusi ni aina ya mchele? Mwingine anasema kakatazwa ngano hospitali kwa hiyo kahamia kwenye kuskusi (jamani, subiri kwanza!). Wa tatu kaweka picha ya sufuria, ndani kuna kitu kimeshikana kama gundi, na maneno mawili tu, nimekosea wapi. Alafu wanaomjibu ndo wanazidi kumchanganya, huyu anasema chemsha dakika ishirini, huyu anasema usichemshe kabisa, huyu anasema ioshe kwanza maji matatu, na kila mmoja anaongea kwa uhakika kama yeye ndo aliyeigundua.

Mi siwacheki, maana pakiti yangu ya kwanza niliipika kama wali. Niliosha, nikabandika maji, yakachemka nikamwaga kuskusi, nikafunika, nikapunguza moto, nikaenda zangu kukaa dakika ishirini. Niliporudi nilikuta bokoboko la kukata na kisu, halina ladha ya kitu chochote, nikasema hiki chakula kinasifiwa bure. Ilinichukua muda kuelewa kwamba chakula hakina kosa, shida ni kwamba sikujua nimeshika nini mkononi, na ukishajua umeshika nini mapishi yenyewe ni ya dakika kumi, hata resipi huhitaji.

Basi tuanze hapo. Kuskusi ni vidonge vidogovidogo vya unga wa ngano. Hakuna mmea unaoitwa kuskusi, hakuna mtu anayelima kuskusi, wala haivunwi popote. Inatokana na ngano ngumu inayoitwa durumu, ileile inayotengenezea spageti na makaroni, na hii ngano ikisagwa haitoi unga laini wa kupeperuka, inatoa chembechembe kama mchanga mwembamba wa rangi ya manjano hafifu, hizo chembe ndo semolina. Kwa hiyo ukiamua kuipeleka kwa ukoo wake, kuskusi ni binamu wa spageti, na mchele kwake ni jirani tu wanaofanana kwa mbali.

Ila kuna tofauti moja na spageti. Spageti inakandwa, unakuwa na donge la unga kisha unalisukuma kwenye mashine. Kuskusi haikandwi. Umeshaona mvua ya rasharasha inavyoanza kupiga kwenye vumbi kavu? Kila tone likidondoka vumbi linajikunja linakuwa kipunje, na usipochelewa kuangalia utaona uwanja mzima umejaa vipunje ambavyo ndani bado vikavu. Kuskusi inazaliwa hivyohivyo. Semolina inamwagwa kwenye sinia kubwa, inanyunyiziwa maji ya chumvi kidogo kwa vidole, alafu viganja vinazungushwa juu yake taratibu, unaongezwa unga mkavu kidogo, maji tena kidogo, mikono inazunguka tena, mpaka chembe zinavaana zinakuwa vidonge. Kisha inachekechwa. Vilivyo vidogo mno vinarudi kwenye sinia kuanza upya, vilivyo vikubwa mno vinavunjwavunjwa. Ni kazi ya masaa, ndo maana kwa desturi wanawake wa Afrika Kaskazini walikuwa wanaifanya kwa pamoja, wanatengeneza nyingi kwa mpigo, wanaianika juani na kuihifadhi kwa miezi.

Na huko Afrika Kaskazini ndo kwao. Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Mauritania, ukanda wote ule, na jina lenyewe wengi wanalihusisha na lugha za Waamazigh, wenyeji wa asili wa ukanda huo, ambao wanaiita seksu. Algeria wengine wanaiita tu taam, yaani chakula, basi, imeisha hiyo. Moroko ni chakula cha Ijumaa, familia inarudi kutoka msikitini inakusanyika kwenye sahani moja kubwa. Desemba 2020 UNESCO iliingiza ujuzi wa kutengeneza na kula kuskusi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, na waliopeleka ombi ni Algeria, Mauritania, Moroko na Tunisia kwa pamoja, faili moja. Hii mi huwa inanifurahisha kwa sababu mwaka uliofuata tu, 2021, Algeria ikavunja uhusiano wa kibalozi na Moroko, lakini kwenye kuskusi walikuwa wameshasaini karatasi moja.

Sasa twende jikoni kwao, maana pale ndo siri yote ilipo.

Kwa asili kuskusi haichemshwi ndani ya maji. Inapikwa kwa mvuke, kwenye chombo cha ghorofa mbili kinachoitwa kiskasi. Chini kuna sufuria yenye mchuzi, nyama, mboga, viungo, unachemka. Juu yake kunakaa chombo chenye matundu chini na ndani yake kuskusi. Pale vinapokutana wengine wanafunga kitambaa kilicholoweshwa kwenye maji ya unga ili mvuke usitoroke pembeni, wote ulazimike kupita katikati ya vidonge. Baada ya kama dakika 15 hadi 20 kuskusi inamwagwa kwenye sinia, inanyunyiziwa maji yenye chumvi na mafuta kidogo, inafikichwa kwa mikono mpaka mabonge yote yaachie, inarudishwa juu ya mvuke. Zamu ya pili, tena sinia, tena kufikicha. Zamu ya tatu. Mwisho unapata kitu chepesi, kila kidonge kimesimama peke yake, na kimeshanusa mchuzi wa chini kwa saa zima.

Ukimsikia mtu wa Moroko anasema kuskusi ni chakula cha asubuhi nzima jikoni, na pakiti yako inasema dakika tano, wote wawili wanasema ukweli. Wanaongelea vitu viwili.

Ya kwenye pakiti, karibu yote inayouzwa madukani, kiwandani imeshapigwa mvuke ikaiva kisha ikakaushwa. Ifananishe na maziwa ya unga. Maziwa ya unga ni maziwa yaliyonyang'anywa maji, wewe unachofanya ni kuyarudishia maji yake, huanzi kukamua ng'ombe. Kuskusi ya pakiti ni chakula kilichoiva kilichonyang'anywa maji. Unachodaiwa ni maji ya moto na utulivu wa dakika tano, hakuna kingine.

Na hapa ndo ile sufuria yangu ya bokoboko inapata maelezo. Wanga wa ngano ukikutana na maji na moto unavimba, huo ndo uivaji wenyewe. Kwenye pakiti wanga umeshavimba mara moja kule kiwandani. Ukiuchemsha tena dakika ishirini, tena unakoroga na mwiko, vidonge vinapasuka, wanga unamwagika nje, na wanga uliomwagika kwenye maji ya moto kazi yake inajulikana, ni gundi. Kuosha nako ni hivyohivyo, mchele unaoshwa kuondoa unga wa nje lakini kuskusi yenyewe ni unga, ukiiosha umeanza kuilowesha kwa maji ya baridi yasiyopimwa, baadaye ukiweka ya moto kipimo kimeshaharibika. Usiioshe. (Wapo wapishi wa kienyeji wanaoilowesha kabla ya kuipeleka kwenye mvuke, hiyo ni sawa, maana kule hakuna maji mengine ya kupima.)

Kuna jambo lingine watu wengi hawalioni, na ndo linalofanya kuskusi ya nyumbani iwe na ladha au iwe kama kula karatasi. Kidonge kikavu kinakunywa mara moja tu. Chukulia nguo nyeupe kavu unaitumbukiza kwenye rangi, itakamata rangi ile ya kwanza, ukishaitumbukiza kwenye maji matupu ikaloa chapachapa alafu ndo uipeleke kwenye rangi, itapauka. Kuskusi ukiinywesha maji ya bomba matupu, imeshiba maji ya bomba, hata ukija kumwaga mchuzi mtamu kiasi gani juu yake, mchuzi utakaa nje nje. Kwa hiyo chumvi, viungo, supu, vyote viwe kwenye kile kinywaji cha kwanza. Kule kwao mvuke wa mchuzi ndo ulikuwa unafanya hiyo kazi. Wewe huna kiskasi, una mchuzi wenyewe, tumia huo.

Mi nafanya hivi, na ukinielewa hapo juu hutahitaji kukariri.

Naanza na mchuzi. Kitunguu kikubwa kimoja nakikata, nakikaanga kwenye mafuta vijiko viwili vya chakula, ya zeituni kama yapo, mpaka kiwe cha dhahabu kabisa, hapa usikimbie maana utamu wa chini unatoka kwenye hicho kitunguu. Naweka kitunguu saumu na tangawizi, alafu viungo: bizari nyembamba kijiko cha chai kimoja, manjano nusu, mdalasini wa unga robo tu, pilipili manga. Nusu dakika vinukie. Nyanya mbili zilizosagwa, zikauke mpaka mafuta yaanze kujitenga. Karoti mbili zilizokatwa vipande vinene, pilipili hoho, boga kidogo kama lipo, dengu zile kubwa za mviringo ambazo nimeshazichemsha kabla, kiganja kimoja cha zabibu kavu, chumvi, na maji vikombe vitatu. Nafunika mpaka karoti iive. Kama una nyama au kuku inaingia mapema, kabla ya mboga, na maji yaongeze. Wenyewe Moroko wana ile maarufu ya mboga saba, na Tunisia wanapenda ukali, wanaweka harisa ambayo ni pilipili iliyosagwa na mafuta, na wanaipika pia na samaki, kwa hiyo usiogope kubadilisha, hakuna atakayekukamata.

Mchuzi ukiwa tayari ndo nageukia kuskusi. Kikombe kimoja cha kuskusi kavu kwenye bakuli pana. Pana, usichukue refu, maana kwenye chombo kirefu ya chini inabebeshwa uzito wa ya juu inabonyea. Naimwagia mafuta kijiko kimoja cha chakula na kuifikicha kwa vidole mpaka kila kidonge kipate utelezi, haya mafuta ni kama koti jepesi la mvua, maji yataingia ila vidonge havitagandana. Kisha kwa kikombe kilekile nachota mchuzi mwepesi kutoka sufuriani, nauchuja, na lazima uwe unachemka kwelikweli, sio wa vuguvugu. Namwaga kikombe kimoja kamili. Natikisa bakuli liwe sawa, nafunika na sahani au mfuniko wowote usiovuja mvuke, na naondoka. Dakika tano. Zikifika saba sio dhambi.

Usifunue kuchungulia. Usikoroge. Najua mkono unawasha, ila kila ukifunua joto linatoka na hilo joto ndo lililobaki kufanya kazi.

Alafu uma. Chukua uma, sio kijiko wala mwiko, chambua kuanzia pembeni kuja katikati kama mtu anayeparura udongo wa bustani, ipate hewa, iinuke. Kijiko kinakandamiza, uma unaachanisha. Ukiona kuna mabonge tumia vidole, ndo wanavyofanya wenyewe. Hapo nakamulia limau, narushia giligilani au nanaa iliyokatwakatwa, wakati mwingine kipande cha siagi, namimina mboga katikati na mchuzi uliobaki unakaa pembeni kwenye bakuli lake kila mtu ajiongezee. Kikombe kimoja kikavu kinatoa karibu vikombe vitatu, watu wawili wenye njaa au watatu wastaarabu.

Kwenye kipimo cha maji utaona watu wanabishana sana. Moja kwa moja, yaani kikombe kwa kikombe, inatoka kavukavu inayoachana, inafaa kama una mchuzi wa kumwagia juu. Kikombe na robo inatoka laini zaidi, inafaa kama unaila yenyewe au unaifanya saladi ya baridi. Ukizidisha hapo umeanza safari ya kurudi kwenye bokoboko. Pakiti nazo zinatofautiana kwa sababu vidonge vinatofautiana ukubwa, kwa hiyo mara ya kwanza mfuate aliyeandika pakiti, mara ya pili mrekebishe. Ikitoka na kiini kigumu ujue maji hayakuwa ya moto vya kutosha au yalipungua, nyunyizia vijiko viwili vya maji yanayochemka na ufunike tena dakika tatu. Ikitoka imeloa, itandaze kwenye sinia pana ipoe wazi, itakauka kiasi. Ikishakuwa gundi kabisa, ah, hiyo kubali tu, changanya na yai na kitunguu ukaange vikate.

Turudi kwa yule aliyekatazwa ngano, maana yake sio utani. Kuskusi ya kawaida ni ngano asilimia mia. Gluteni, ile protini ya ngano inayofanya unga uvutike, imo ndani yake ya kutosha. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo unaumizwa na gluteni, hapaswi kuigusa. Watu wanachanganywa kwa sababu kwenye rafu inawekwa pembeni ya kwinoa, na kwinoa ni mbegu haina gluteni, wakiwa wamevaa pakiti zinazofanana unaweza kudhani ni mtu na mdogo wake. Jirani mwingine pale ni bulguri, huyu ni ngano pia, ila ni punje nzima iliyochemshwa, ikakaushwa, ikavunjwavunjwa, kwa hiyo bado ni punje, haijawahi kuwa kidonge cha unga. Kuna kuskusi za mahindi, na Senegal wana ya kwao ya mtama au uwele, na Ivory Coast wana atieke ambayo ni muhogo na wengine wanaiita kuskusi ya muhogo. Shayiri ipo pia, lakini shayiri nayo ina gluteni. Jina la mbele ya pakiti halikusaidii kitu, geuza nyuma usome viungo.

Alafu hii ya kwamba kuskusi ni chakula cha kupunguza mwili. Ukiangalia kwenye jedwali, gramu 100 za kuskusi iliyoiva ni kama kalori 112, na wali mweupe ulioiva ni kama 130, watu wakiona hivyo wanashangilia. Lakini angalia vikiwa vikavu: gramu 100 za kuskusi ni karibu kalori 375, mchele karibu 360. Yaani wanga ni wanga, tofauti kubwa pale ni nani kanywa maji mengi zaidi. Inachomshinda mchele mweupe kweli ni protini, karibu mara mbili vikiwa vikavu, kama gramu 12 au 13 kwa 6 au 7. Ukitaka nyuzinyuzi tafuta ile ya ngano nzima isiyokobolewa, ina rangi ya kahawia, na inavumilia maji kidogo zaidi. Mengine yote yanategemea umejaza sahani mpaka wapi na mboga ziko ngapi, na hilo hata wali unalo.

Na kuna ile yenye vidonge vikubwa kama lulu. Hii imeponza wengi, kwa sababu jina kwenye pakiti ni lilelile lakini ukiimwagia maji ya moto ukasubiri dakika tano utavunja jino. Ile ya lulu inayoitwa ptitimu ilianzia Israeli miaka ya 1950, mchele ulikuwa adimu, serikali ya waziri mkuu Ben-Gurion ikaomba kiwanda cha Osem kitengeneze mbadala wa ngano, wakatoa vipande vidogo vya unga vilivyookwa kwenye oveni. Ile ni pasta kabisa, haijaivishwa kwa mvuke, kwa hiyo hiyo unaichemsha, dakika nane hadi kumi, unaionja kama unavyoonja makaroni. Ukiikaanga kwanza kwenye siagi mpaka inukie kama karanga inakuwa tamu zaidi. Lebanoni wana ya kwao kubwa kama dengu, moghrabia, nayo inahitaji moto wa kweli. Kanuni nyepesi: kidonge kikiwa kama mchanga kinyweshe, kikiwa kama lulu kichemshe.

Ikibaki, usiiache mezani mpaka kesho eti kwa sababu inaonekana kavu. Ni chakula cha wanga kama wali, kuna bakteria wanaopenda sana wanga uliopoa taratibu nje, na sumu yao haiondoki kwa kupasha. Ndani ya saa mbili iwe kwenye friji, kwenye chombo chenye mfuniko, siku tatu hivi imalizwe. Itakuwa imegandana ukiitoa, usiogope, ifikiche kwa vidole ikiwa bado ya baridi ndo inaachia vizuri, nyunyizia maji kijiko kimoja au viwili, iweke kwenye chujio la chuma juu ya sufuria inayochemka, funika dakika tano. Na ukiwa na mchuzi uliobaki jana uweke ndani ya hiyo sufuria ya chini badala ya maji.